Kulilea Land Rover Kuukuu

Uani mwa nyumba ya marehemu mjomba wangu, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, chini ya mwembe ambao mizizi yake ilikwisha kuipasua saruji, lilikaa kwa muda wa miaka mitatu bila ya kuwashwa Land Rover moja la Series III, lile refu ambalo baina ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma pana inchi 109, na ambalo watu wengi wa pwani na wa bara hulijua kwa tarakimu hiyo tu. Majani yalilifunika, kuku walitaga mayai juu ya kiti cha dereva, na kila aliyepita hakukosa kutoa rai yake. Mmoja alisema liuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwingine alisema ing'olewe injini ya petroli, itiwe ya dizeli. Na wa tatu, aliyekuwa mtu mzima kuliko wote na fundi wa magari tangu ujana wake, alilizunguka mara mbili, akainama, akatia kidole chini ya difu ya nyuma, akakinusa, kisha akauliza swali ambalo halikuwa limenipitikia akilini: mara ya mwisho mafuta ya humu yalibadilishwa lini, na nani aliyeyabadilisha?

Sura hii yote ni jawabu la swali hilo. Nimesadiki, baada ya kuliendesha gari lile kwa miaka mingi katika njia ya Pangani na katika milima ya Usambara, ya kuwa kinacholiua gari la namna hii ni maji yaliyoingia pasipostahili na mafuta yaliyotoka pasipojulikana, na zaidi ya hayo mawili, mkono wa mtu abadilishaye vipuri kabla ya kuuliza maradhi yalianzia wapi. Umri wenyewe nimeuona ukilaumiwa mara nyingi kwa makosa yasiyo yake.

Ili mtu aelewe kwa nini gari hili lakubali kutengenezwa chini ya mwembe, hana budi kuijua asili yake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani humo alitumia Jeep la Willys lililosalia kutoka vitani, nalo lilipoanza kuchoka hakuona gari jingine la Kiingereza liwezalo kushika mahali pake. Yasimuliwa kwamba mwaka 1947, katika ufuko wa Red Wharf Bay, alimchorea ndugu yake Spencer, aliyekuwa kiongozi wa kampuni hiyo, sura ya gari jipya juu ya mchanga. Gari lenyewe lilidhihirishwa kwa watu katika maonesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Siku hizo chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, na mashine za kukandamiza bati zilikuwa ghali mno. Kwa sababu hiyo bodi ilifanywa kwa Birmabright, yaani aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, ikakunjwa kwa mistari iliyonyoka ambayo fundi yeyote mwenye nyundo na ubao aweza kuirudisha, na chasi ikaundwa kwa vipande vya bamba la chuma vilivyolehemiwa vikawa mfano wa sanduku refu. Dhiki ya wakati ule ndiyo iliyozaa wepesi tuuonao sisi leo. Sakafu ya kibanda cha dereva hufunguliwa kwa spana, kiti na sanduku lake hunyanyuliwa, na giaboksi nzima ikatolewa kwa juu, kupitia mlangoni, bila ya shimo wala mtambo wa kuinulia gari. Bawa la mbele likigongwa hufunguliwa nati zake likatoka zima. Na vipande vingi vya gari hili watu watatu waweza kuvibeba.

Aina ya Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, na mdogo wake aliyeitwa Defender alikoma tarehe 29 Januari 2016, hesabu ya ukoo huo mzima ikiwa imekwisha kupita magari milioni 2. Lakini kukoma kwa kiwanda si kukoma kwa kazi. Mtu akienda Loliondo kaskazini mwa Tanzania, au Maralal katika nchi ya Wasamburu huko Kenya, atayaona magari ya umri huu yakipakia abiria, magunia na mbuzi kila siku ya Mwenyezi Mungu, mahali ambapo gari changa lenye akili za umeme likikwama husubiri mtaalamu atoke mji wa mbali na kompyuta yake.

Nilimkabidhi gari yule mzee aliyetia kidole chini ya difu, ambaye tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu, naye akaniita mwanangu. Na sharti lake lilikuwa moja, kwamba atafanya kazi pamoja nami, si badala yangu. Sharti hilo lilinighadhibisha kidogo siku ya kwanza, maana nilikuwa na kazi yangu nyingine ya kuniletea riziki, lakini baadaye nililiona kuwa ndiyo heshima kubwa aliyonifanyia.

Alianza na chasi, ilhali mimi nilitaka sana kuisikia injini. Alichukua nyundo ndogo, akalala chali juu ya mkeka, akaanza kugonga chuma cha chasi shibiri kwa shibiri toka mbele hata nyuma, akisikiliza. Palipo pazima chuma hulia kwa sauti kavu ya kengele. Palipooza hutoa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Kwa kuwa chasi ni sanduku, kutu haianzii nje ambako jicho laiona; huanzia ndani, ambako matope ya masika na chumvi ya hewa ya bahari hukaa pamoja mwaka hata mwaka, kwa sababu vitundu vidogo vilivyoachwa chini yake ili maji yatoke vimezibwa na udongo na hapana aliyevizibua. Mahali pa kutazamwa kwanza ni boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia; kisha mikono ya pembeni inayoshika ukuta wa chuma utengao injini na dereva; kisha miguu ya ukuta wenyewe, chini ya bawaba za milango, panapokusanya tope la magurudumu ya mbele. Gari letu lilikuwa zima isipokuwa boriti ya nyuma, nayo tuliikata yote tukalehemu mpya. Mwalimu hakukubali kubandika kiraka juu ya chuma kilichooza, kwa hoja kwamba kiraka huyafunga maji ndani yakafanya kazi yao gizani. Na kabla ya kulehemu alifungua betri na waya za alteneta, maana umeme wa mashine ya kulehemia huunguza alteneta ya Series III kwa sekunde moja.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma, na kwa ajili hiyo watu hudhani kwamba bodi haina adui. Lakini aluminiamu ikigusana na chuma, na kati yao pakawa na maji ya chumvi, huzaliwa umeme mdogo kama ule wa betri, na katika ugomvi huo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kando ya kila skrubu, na rangi ikivimba kama ngozi iliyoungua. Kwetu pwani maradhi haya huenda mbio kuliko bara. Tulitenganisha kila kiungo tulichoweza, tukakisugua, tukapaka rangi pande mbili, tukatia baina yao vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, na vitundu vyote vya chasi tukavizibua kwa msumari, kisha tukapulizia ndani oili chafu iliyochujwa. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu.

Ndipo tulipofika kwenye mafuta, na hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo magari mengi yalipoangamia.

Mwenye gari dogo la mjini amezoea kwamba gari lina oili ya injini, basi. Land Rover la aina hii lina nyumba nyingi za mafuta, kila moja imejitenga na mwenzake, na kila moja yaweza kukauka ilhali nyingine zimejaa: injini, ambayo hunywa lita 6 na robo, na chujio lake; giaboksi kubwa, lita 1 na nusu; giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, ile igawayo nguvu kwenda mbele na nyuma, lita 2 na nusu; difu ya mbele, lita 1 na robo tatu; difu ya nyuma, ambayo kwa gari refu la Series III ni ile nzito ya Salisbury, lita 2 na nusu; na mipira miwili ya chuma iliyo nyuma ya magurudumu ya mbele, ambamo ekseli hukunja kona, nusu lita kila mmoja. Mbali na injini, zote hizi hutiwa oili nzito ya gia, namba 90. Kuna pia sanduku la usukani, na kiungo chake kilichofichwa ndani ya chasi mbele ya gari, ambacho nimewajua wenye magari waliokaa nacho miaka ishirini wasijue kuwa nacho chataka mafuta.

Kanuni ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa kwamba, katika kila nyumba ya mafuta, mtu afungue kwanza nati ya kujazia, ile ya juu, ndipo afungue ya kumwagia. Nilimuuliza sababu, naye akanijibu, "Mwanangu, ukishamwaga mafuta yote, kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, utakwenda wapi?" Difu ya mbele ilituthibitishia neno lake, kwani nati yake ya juu ilikuwa imeliwa pembe na spana isiyo saizi yake, na ilitupasa kulehemu nati nyingine juu yake kabla haijalegea. Lau tungalikuwa tumemwaga, gari lingebaki hapo likiwa tupu.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa kama kitabu. Ya giaboksi kubwa yalitoka haba mno, na ya giaboksi ndogo yakatoka mengi kuliko kipimo. Mtu asiyejua angalifurahi kwamba moja imejaa, akaongeza nyingine, akaendelea na safari. Maana yake ni kwamba sili iliyo baina ya giaboksi hizo mbili imechoka, na kubwa inamimina mafuta yake ndani ya ndogo, mpaka siku moja gia zinaanza kulia bila ya tone moja la mafuta kuonekana sakafuni. Ya difu ya nyuma yalitoka meupe mithili ya chai ya maziwa. Hayo ni maji. Juu ya kila ekseli kuna kijitundu chenye kizibo kidogo ambacho kazi yake ni kuiacha ekseli ipumue: ikipata joto, hewa hutanuka na kutoka, ikipoa, huingia. Kijitundu kile kikizibwa na tope, hewa iliyotanuka hutafuta njia nyingine, ikayasukuma mafuta nje kupitia sili za magurudumu hata yakalowesha breki. Na ekseli yenye joto ikitumbukia ghafla katika maji ya mto, hupoa, ikavuta pumzi, na kwa kuwa hewa haina pa kuingilia, huvuta maji kupitia sili zile zile. Hivi, sili hulaumiwa, hununuliwa nyingine, nayo huvuja baada ya mwezi. Kumbe kilichotakiwa ni sindano na dakika moja. Watu wangapi wamefungua ekseli zao mara tatu kwa kukosa kukijua kijitundu hiki, sijui, lakini mimi nimewakuta wengi, na kila niliyemkuta nimemwonesha.

Mipira ya mbele ndiyo iliyotuhuzunisha. Ule uso wa chuma uliopakwa kromu, ambao sili huutelezea gurudumu linapokata kona, ulikuwa umekwisha kutobokatoboka kwa kutu kwa sababu ya miaka mitatu ya kusimama, na sili mpya juu ya uso kama huo hukatika mara moja. Mpira mpya ni ghali, na madukani vimejaa vipuri vya bandia ambavyo kromu yake hubanduka mwaka wa kwanza. Mwalimu alitufundisha njia ya kati: tuutie grisi nyepesi badala ya oili, tuutazame kila mwezi, na tuweke akiba ya kununua kipuri kizuri mara moja badala ya kibaya mara tatu. Tulikinunua baada ya miezi kumi na minne.

Juu ya injini nitasema kwa ufupi mambo ya kawaida, kisha nitasimulia kisa kimoja kwa urefu. Injini ya petroli ya lita 2 na robo ina silinda 4, na plagi zake hupiga kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, injini ikiwa baridi au moto, na katika kuzipima kuna hesabu nzuri ambayo huniondolea mashaka kila mara: jumla ya namba mbili lazima iwe 9. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pimia ya 1. Ya 6 ikifunguka, pimia ya 3. Na hivyo hivyo mpaka mwisho, huku injini ikizungushwa pole pole kwa ile hendeli ya mbele, ambayo ni fadhila nyingine ambayo magari ya leo yamenyimwa. Pointi ndani ya distribyuta hutengwa kwa milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi kwa milimita 0.75 hadi 0.80. Mtu mwenye filageji (kile kipimo cha vibamba vyembamba), bisibisi na saa mbili za asubuhi aweza kuyatimiza haya yote kabla ya jua kuwa kali.

Sasa kisa. Gari lilipokwisha kutembea miezi kadhaa, liliingiwa na ugonjwa wa ajabu. Nikilipandisha mlima kutoka Mombo kwenda Soni, na magunia nyuma, mguu umekandamiza mafuta, lilivuta kwa nguvu bila ya kukohoa hata mara moja. Nikirudi katika njia kuu iliyo tambarare, kati ya Mombo na Korogwe, mahali ambapo mguu hugusa tu mafuta na gari hujiendea lenyewe, injini ilikatika, ikashika, ikakatika tena, mfano wa mtu anayeshikwa na kwikwi. Nililipeleka katika gereji moja ya mjini, kubwa na yenye jina. Wakasema ni kabureta, nikanunua kabureta. Wakasema ni pampu ya petroli, nikanunua. Wakasema ni koili, kisha plagi na waya zake zote, nikanunua. Kila mara gari lilitoka pale likiwa zuri kwa kulisikiliza, kwa kuwa lilijaribiwa likiwa limesimama, na kila mara nilipofika njia tambarare kwikwi ikarudi. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimetumia fedha nyingi kuliko zile za chasi, na sanduku langu la vipuri vizima vilivyotolewa kwa kosa lilikuwa limejaa.

Nilirudi kwa Mwalimu nikiwa nimeona haya kwa kumwacha. Hakunilaumu. Hakufungua boneti pia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniagiza nimweleze upya, bila ya kutaja jina la kipuri chochote, ni lini gari laugua na ni lini li zima. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mlimani, mguu ukiwa mzito, li zima. Tambarare, mguu ukiwa mwepesi, laugua. Basi tutafute kitu ndani ya injini ambacho husogea mguu ukiwa mwepesi, na hutulia mguu ukiwa mzito."

Ilimu yote ya utengenezaji, kwa kadiri niliyoifahamu mimi, imo katika maneno yale. Kwani hapo tena hapana orodha ya vipuri vya kubahatisha. Pana swali moja lenye majibu machache. Na jibu lipo. Ubavuni mwa distribyuta pana kidude cha duara mfano wa kisahani, chenye ngozi nyembamba ndani, na kutoka kwake hutoka mrija mdogo uendao kwenye kabureta. Mguu ukiwa mwepesi, mlango wa kabureta huwa umefunguka kidogo tu, na injini huvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija huo. Mvuto huo huivuta ngozi, nayo hukivuta kibao kinachobeba pointi, kikageuka nyuzi chache, ili cheche itangulie kidogo na petroli iungue kwa ukamilifu. Mguu ukikandamiza, mlango hufunguka wote, mvuto hupotea, na kibao hurudi mahali pake. Kwa hiyo kibao hicho hakikai kimya. Hucheza maisha yake yote, na pamoja nacho hucheza kipande cha waya, kifupi kuliko kidole, kiletacho umeme kwenye pointi.

Mwalimu aliwasha injini, akaiacha ingurume taratibu. Akauchomoa mrija ule kwenye kabureta, akautia mdomoni, akavuta pumzi. Injini ikazimika papo hapo. Akaiwasha tena, akavuta tena, ikazimika tena. Akafungua kofia ya distribyuta, akakishika kile kiwaya kwa ncha mbili za vidole, akakivuta polepole, nacho kikarefuka kama mpira: nyuzi za shaba ndani yake zilikuwa zimekatika zote, na kilichoshika kilikuwa ni ganda la plastiki tu. Kibao kikiwa mahali pake, ncha za shaba ziligusana na umeme ukapita, kikigeuka, ziliachana. Kipande cha waya laini kutoka taa mbovu ya pikipiki, na tone la risasi ya kuchomelea, vilimaliza maradhi ambayo kabureta, pampu na koili mpya havikuyagusa. Nilitaka kumlipa sawasawa na nilivyolipa kule, akakataa, akapokea ujira wa saa moja.

Sisimulii hayo kwa kuwadharau mafundi wa gereji ile, ambao walikuwa vijana wenye bidii na mikono misafi. Walifunzwa kubadilisha, na hawakufunzwa kuuliza. Na gari la kisasa, ambalo hujisema lenyewe maradhi yake kwa tarakimu kwenye kompyuta, huwazidisha katika desturi hiyo. Gari kuukuu halisemi kwa tarakimu. Husema kwa wakati, kwa harufu, kwa sauti na kwa joto, na anayetaka kulisikia lazima kwanza anyamaze.

Breki za gari hili ni ngoma tupu, nne, za inchi 11 kwa gari refu, na mtu anayeshuka kutoka Lushoto na mzigo asizitegemee peke yake: aingize gia ile ile ambayo angeitumia kupanda, na injini ishike. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Yaliyokaa sana huchemka mtelemkoni, povu likaingia ndani ya mabomba, na mguu ukafika sakafuni bila ya gari kusimama. Yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yaonekana safi, wala asitie mtu oili ya injini humo kwa dharura, kwa sababu mipira yote ya silinda za magurudumu itavimba na breki zitakwama. Katika jambo hili sina huruma na mtu anayeahirisha, maana roho zinazochukuliwa si yake peke yake.

Ama rai ile ya kung'oa injini ya petroli, nimeitafakari kwa insafu. Injini za dizeli ziitwazo Tdi, zilizotoka katika magari ya ukoo uo huo hula mafuta kidogo na huvuta vizuri, na kwa mtu anayepakia abiria kila siku huko Loliondo, tofauti ya matumizi ni chakula cha watoto. Siwezi kumlaumu, na mimi ningekuwa mahali pake ningefanya hivyo hivyo. Lakini anayeibadilisha injini kwa sababu ya ugonjwa ambao hajaujua, huhamia nyumba nyingine pamoja na nyoka wake ndani ya kikapu. Chasi itabaki ile ile, ekseli zile zile, vijitundu vile vile vilivyozibwa. Na nguvu iliyozidi hupita kwenye giaboksi ile ile iliyokuwa ikimimina mafuta yake kwa jirani.

Mwalimu hakuandika chochote maishani mwake. Vipimo vyote nilivyovitaja humu vimo katika vitabu vya kiwanda, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na mwenye hamu aweza kuvipata. Lakini habari ya nyundo na mkeka, ya nati ya juu kabla ya ya chini, ya kuvuta mrija kwa mdomo, alikuwa nazo kichwani tu, kama walivyo nazo wazee wengi wa kazi hii kutoka Tanga mpaka Arusha na kutoka Mombasa mpaka Maralal, ambao macho yao sasa hayaoni tena alama za filageji. Mimi nilianza kuandika mwaka wa pili, katika daftari la mistari lenye kurasa mia, upande wa kushoto nikiandika gari liliugua lini na hali gani, upande wa kulia nikiandika sababu ilionekana wapi. Na sehemu kubwa ya sura hii imetoka humo. Wewe msomaji, kama una gari la namna hii, au kama huna lakini karibu na kwenu yuko mzee aliyelitengeneza kwa miaka arubaini, mwendee asubuhi kabla hajachoka, mpe shikamoo yake, umshikie taa anapoinama, na daftari uwe nalo mfukoni.